Vidonge vya Mgema

Baba yangu alikuwa mgema wa tembo Pangani, na alikuwa mlevi. Alfajiri alipanda minazi na kotama yake, kile kisu cha kugemea, kiunoni, na kila mnazi alionja kwanza kabla ya kumimina kibuyuni, maana lililoharibika likichanganywa na jingine linaharibu lote. Ikifika adhuhuri anaimba njiani, nasi wanawe tunajificha kwa aibu.

Akaja mtafiti wa Kizungu, bingwa wa mambo ya akili, anatafuta walevi wa kujaribiwa dawa mpya hospitalini. Mama ndiye aliyempeleka baba, kamshika mkono kama mtoto anayekwenda kutahiriwa. Kupitia mkalimani yule bwana aliuliza mengi: huota nini, alipigwa na babake, akilewa hulia? Alipouliza kazi, baba akajibu, "Minazi." Basi akaandikwa mkulima.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge. Ukishavimeza, pombe ikikuingia unatapika, moyo unakwenda mbio, kichwa kinazunguka. Baba alitoka wodini mtu mwingine, na vidonge alipewa vya kumeza kila siku nyumbani. Alimwapia mama kwamba hanywi tena, akaanza kuswali msikitini, akawa anakula nasi sinia moja. Nilimpenda mno siku zile. Mtafiti naye akaridhika, akafunga mizigo akarudi kwao.

Lakini kazi ni ileile, angefanya nini kingine? Mama akamuuliza, "Na kule juu, bwana, inakuwaje?"

"Kule juu naonja tu, mama watoto. Naonja, natema. Mgema asiyeonja ni mgema gani? Kuonja si kunywa."

Akawa anarudi kichwa kinamgonga, uso umemwiva. Akasema ni jua, nasi tukasema ni jua.

Asubuhi moja tukaitwa mbio. Baba kaanguka toka juu, kibuyu kimempasukia kifuani, ananuka tembo mwili mzima. Alikuwa ameshakata roho. Mazikoni watu walinong'ona kwamba amekufa mlevi, na mama akayasikia. Akayaamini. Tangu hapo kila akimtaja baba, humwita mwongo.

Miaka ikapita, nikawa nasomea uuguzi Tanga. Katika majarida ya mwalimu wetu nikaikuta makala ya yule mtafiti. Jina la baba halikuwamo, ila nilimjua palepale: mkulima wa Pangani, aliyeletwa na mkewe. Amepona, imeandikwa. Tangu alipotoka hospitalini hajalewa tena. Mnazi haukutajwa, wala kaburi. Nilikasirika. Maiti gani atalewa?

Nikaliazima jarida lile, nikalipeleka nyumbani ili mama naye akasirike. Nikamsomea, namfasiria neno kwa neno. Alisikiliza huku mikono imetulia juu ya ungo wa mchele.

"Kwa hiyo hakunywa?"

"Mama, alikuwa amekufa! Hawakuuliza hata alikufaje. Vidonge vyao ndivyo vilivyomwangusha."

"Nimekuuliza jambo moja. Wameandika hakunywa?"

"Wameandika hakunywa."

Akajifunika kanga usoni, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Alimwomba baba radhi kwa sauti, kana kwamba amekaa pale ukumbini. Mimi nilitaka kuichana karatasi ile vipande vipande.

"Nisomee tena hapo," akasema.

Nikamsomea tena.