Mkono wa Kulia wa Bibi Harusi wa Plastiki

Ukitaka kumkasirisha Esha wa Bongwe, mwambie hina yake imetoka hafifu. Hatakusemesha mpaka Idi. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, nami nampenda, lakini ukweli usemwe: ana kiburi cha kazi yake, na kiburi hicho anakistahili. Wari wa kuanzia Gazi mpaka Kikoneni wamepita mikononi mwake. Aliwahi kuwachora wageni katika hoteli za Diani, akaacha mwenyewe. Walikuwa wakimtaka awachore nge.

Kazi ya pili aliipata kwa Mercy, mwokaji keki wa Ukunda. Mercy huweka juu ya keki zake vijisanamu viwili vya plastiki, bwana na bibi harusi. Vinatoka dukani na suti nyeusi na mashavu mekundu, na watu wa huku wanataka kanzu na joho. Ukipaka rangi juu ya rangi, vidole vinamezwa na pua inapotea, kwa hiyo lazima ile ya zamani itoke kwanza. Esha huvilaza ndani ya kopo la siagi lililojaa dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kahawia inayogeuka maziwa ikikutana na maji. Kesho yake huvisugua kwa mswaki mkuukuu, rangi ikabanduka kama ukoko. Maji hayaguswi mpaka mwisho. Ukisuuza mapema rangi yote hugeuka ulimbo. Nayajua haya kwa sababu mswaki wa kwanza ulikuwa wangu, na hakuniomba.

Sasa, Twaiba ni binti wa Mishi, dada yake Esha. Mishi alifariki mtoto akiwa hajamaliza kung'oka meno ya utotoni, na Esha ndiye aliyemlea. Picha za harusi ya Mishi zililowa paa lilipovuja, zikashikamana zikawa bonge moja. Kilichobaki ni vile vijisanamu, bwana na bibi harusi, waliokaa juu ya keki yake. Twaiba alicheza nao miaka yote. Kila Idi alimpaka bibi harusi rangi mpya ya kucha, na mwaka tuliopaka madirisha akamwongezea ile ya kijani. Uso ukazama kabisa.

Posa ya Twaiba ilipokubaliwa, alikuja na wale wawili wamefungwa ndani ya leso.

"Mama mdogo, nakuomba kitu kimoja tu. Nataka hawa ndio wakae juu ya keki yangu. Unitolee uchafu wangu wote huu, nimwone uso."

"Utamwona, mwanangu, inshallah."

Nilikuwapo. Msichana yule hakuwa akiomba pambo. Alitaka mama yake awepo siku ile, na njia nyingine hakuiona.

Bwana harusi alitoka safi mara moja, hana makuu, kama wanaume wengi siku ya harusi. Bibi harusi alikataa. Rangi ya kucha ililala ndani ya dawa na kuamka vile vile. Ile dawa ya kutolea rangi ya kucha Esha aliiogopa, maana Mercy alikwisha kumwonya kwamba inayeyusha plastiki. Na harusi ilikuwa inabisha hodi. Ndipo akachukua kichupa chake cha mafuta ya mkaratusi, yale anayochanganyia hina ili ikolee. Mafuta hayo hayajawahi kumwangusha tangu ujana wake.

"Yanafaa ngozi ya mwari," aliniambia, "yatamdhuru vipi huyu?"

Akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa bismillahi na kwa mkono wa kulia. Akauviringisha kwa pamba iliyolowa mafuta, akaenda kuswali, kisha akazuiliwa na wageni. Aliporudi akaivuta pamba. Rangi ilitoka, na mkono ukatoka nayo. Vidole vilikuwa vimelainika kama ubani uliotafunwa.

Nilisikia ukelele, nikakimbia nikidhani ni nyoka. Nikamkuta ameketi mkekani, pamba mkononi.

"Nimemkata Mishi mkono," alisema, akalia.

Nilimshika bega tu.

Sehemu iliyobaki aliirudia kwa ile dawa ya kahawia peke yake, akiiloweka usiku na kuikwangua kwa ukucha mchana, mpaka uso ukatokea: pua nyembamba, midomo inayokaribia kucheka. Uso ulipona kwa sababu alikuwa ameanza na mkono. Ungekuwa wakati wa kushukuru, lakini Esha hata kuutazama aliona haya.

Mercy alimletea jozi nyingine iliyofanana na ile. "Mum Esha, mbona stress? Weka hizi. Hakuna mtu atajua, si ni plastic tu."

Esha akazipokea, akazipaka rangi vizuri sana, na yule wa Mishi akamficha ndani ya kopo la hina. Nilimwambia wazi kwamba anamdanganya mtoto. Akanijibu nikaangalie sufuria zangu. Nikaenda, nimenuna.

Siku ya hina, baada ya alasiri, Twaiba aliketi chumbani amenyoosha mikono. Esha alianza na wa kulia. Alipomaliza vidole mstari ukayumba. Akaufuta, akaurudia, ukayumba tena.

"Mama mdogo, una homa?"

"Sina homa."

"Basi una nini? Mstari wako hauyumbi hata siku moja."

Esha akaweka koni ya hina chini. Akafungua kopo, akamtoa yule mdogo asiye na mkono, akasema yote: mafuta, pamba, jozi ya Mercy. Hakujitetea. Twaiba hakuweza kumpokea, mikono yake ilikuwa mibichi kwa hina.

"Niletee karibu," alisema.

Esha akamwinua mpaka mbele ya macho yake. Twaiba alimtazama usoni kwa muda mrefu, machozi yakashuka, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, Esha aliyafuta kwa ncha ya leso.

"Ndiye," Twaiba alisema. "Wale wengine wape watoto wachezee. Haya, nimalizie mkono."

Kesho yake wanawake tulijaa uani. Kando ya bibi harusi paliachwa nafasi ya mama yake. Esha tulimvuta akae pale, akakataa. Alisema hastahili, akakimbilia jikoni. Keki ikaletwa. Shangazi mmoja wa upande wa mume, kutoka Msambweni, akaisogelea na kuikagua kama mnunuzi wa mbuzi.

"Mbona bibi harusi huyu hana mkono?"

Bibi harusi wa kwetu siku hiyo huinamisha macho, hajibizani na wakwe. Twaiba aliinua uso.

"Huyo ni mama yangu, shangazi. Mkono alimwachia mama mdogo, anilee nao."

Esha alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya halua. Akaiweka chini, akapangusa mikono, akaja akaketi.