Nilichora Liboke, Sikuchora Maporomoko

Enzi zetu (ndiyo, nina miaka ishirini na saba na nasema enzi zetu, anayetaka kucheka acheke) chakula hakikupigwa picha. Kilingojwa. Vijana wa leo hapa Kisangani hunyoosha simu juu ya sahani, wakabonyeza, wakatuma, wakasahau. Sisi tulikitazama hata saa nzima, maana nyumbani kwetu hakuna aliyegusa kitu kabla Papa hajarudi kutoka ofisini.

Niliuliza kwa nini. Niliuliza kila kitu. Mama alinijibu, "Juu iko papa yako," yaani kwa sababu ni baba yako, na mpaka leo sijakubali kwamba hilo ni jibu.

Lakini kungoja kule ndiko kulikonifundisha kuchora. Tonton Bosco, kaka yake Mama, alikuwa ameniletea kwa meli kutoka Kinshasa kisanduku cha rangi za maji na brashi moja iliyonyonyoka. Mezani palikuwa na liboke: samaki aliyefungwa ndani ya majani na kupikwa juu ya makaa. Nilijaza kikombe maji, nikakaa. Nikagundua kwamba jani likitoka motoni si la kijani wala la kahawia. Rangi yake haimo katika kisanduku chochote. Niliitafuta kwa majuma. Karatasi haikukauka kwa unyevu wetu, tumbo lilinguruma, na kila nilipoikaribia, Papa aliingia, Mama akafungua fundo, kazi yangu ikaliwa kwa lituma, ndizi zilizopondwa, nami nikila pamoja nao.

Siku moja Papa aliikuta karatasi.

"Hii njo nini?"

"Liboke, Papa."

"Unachora chakula? Wageni watasema tuko na njaa! Chora chutes ya Tshopo, mutoto, kama ku kalenda. Tutabandika mu salon."

"Papa, ulienda kuona ile maporomoko lini?"

Mama alikohoa kuficha kicheko. Papa hakucheka. Alinipa hadi Jumapili, siku ambayo mkubwa wake wa kazi angekuja kula: nichore maporomoko ya mto Tshopo, ama kisanduku kiende kwa mtoto wa mwenzake, "mutoto ya adabu".

Nilikipenda kisanduku kile kuliko viatu vyangu. Kwa siku tatu niliiga picha ya kalenda, na kalenda ilidanganya: maji ya buluu, ilhali ya mto wetu ni meusi kama chai ya rangi. Jumapili mgeni alichelewa. Liboke ikakaa mezani, fundo halijaguswa. Nilijua nitakachopoteza. Nikachukua brashi. Kijani, kahawia, kisha tone la nyekundu, na jani likatokea.

Mkubwa alipofika aliitazama picha, akasema, "Eh! Hii iko na harufu!" Papa alicheka naye. Jumatatu kisanduku kikaondoka. Mama, bila kuomba ruhusa ya mtu, aliibandika picha ukutani kwa uji wa muhogo.

Leo Mama anapika liboke ndani ya alumini. Wanawake waliotuletea majani kutoka msitu wa Masako hawapiti tena mtaani kwetu. Papa, mstaafu sasa, kila Jumapili analalamika kwamba samaki hana ile harufu, kisha anageukia ukuta. Juzi aliniambia, "Chora ingine. Ya majani, kama ya zamani."

"Na rangi, Papa? Ile kisanduku ilienda wapi?"

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kisanduku kipya, akakiweka mbele yangu.

Nilimshukuru kwa dhati. Harufu ile naikumbuka kama anavyoikumbuka yeye, na huenda tusiipate tena. Lakini sichori kalenda ya mtu yeyote, hata kalenda ya utoto wangu. Nilijaza kikombe maji, nikaanza na mikunjo ya alumini, maana ndiyo iliyokuwa mezani.

"Mutoto huyu!" alisema Papa. "Na njaa yangu?"

"Ngoja kidogo, Papa. Haijakauka."

Akavuta kiti. Akangoja, hakugusa kitu, mpaka nilipomaliza.