Aliyeshinda Kesi Hatoroki

Nakumbuka siku ile, mwanangu, hakimu Mzungu alipotamka pale Arusha kwamba sina hatia. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachipua. Jirani yetu Anaeli alinishtaki kwamba nimechoma nyumba yake, kwa kuwa siku ile ya moto tuliamka tukigombania maji ya mfereji. Seremala mmoja Singasinga wa Kaloleni, hukohuko mjini Arusha, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuja kushuhudia kwamba moto ulipowaka mimi nilikuwa kwake nikimshushia mbao.

Nilirudi kijijini kwetu Kikatiti nikidhani nitapigiwa vigelegele. Wapi! Sokoni watu walinyamaza nilipopita, na nyuma yangu nikasikia, "Lisemwalo lipo." Neno hilo liliniuma kuliko mahabusu. Nikafunga mzigo niende Momela kuchunga ng'ombe wa mlowezi, nisirudi tena.

Bibi yangu, Nasari, akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Mbali na watu hawa, Bibi."

"Mkataa kwao ni mtumwa. Tena ukitoroka leo, utamshindia Anaeli kesi aliyoshindwa. Weka mzigo chini. Kesho wanaezeka nyumba yake. Nenda."

Nilikasirika (hasira za ujana unazijua), lakini nikaenda, mganda wa nyasi begani.

Anaeli akanikazia macho. "Umekuja kulipa?"

"Shikamoo, mzee. Sidaiwi, kwa hiyo silipi. Nimekuja kwa kuwa mimi ni jirani yako."

Hakuitikia. Nikapanda juu, nikaezeka hadi jioni. Siku ya kuzibua mfereji nilikwenda pia. Palipotokea msiba, nilichimba kaburi pamoja na wenzangu, ingawa wengine hawakunisemesha. Masika yakapita. Ndipo Jumapili moja, nje ya kanisa, Anaeli akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu kijana sikumwona akichoma. Nilimtaja kwa hasira. Nimekosa." Akaja akanishika mkono. Nani aliichoma ile nyumba, mpaka leo sijui.

Mwanangu, hakimu aweza kukufungua pingu, lakini hawezi kukurudishia majirani. Ukisingiziwa, sema kweli na utafute shahidi. Ukishinda, usijifiche wala usilipize kisasi. Kaa palepale, msalimie hata asiyeitikia, fanya kazi yako watu wakiona. Na mwenzako akiachiwa huru, usiendelee kumfunga kwa ulimi wako.

Mungu akupe moyo usiotikisika, na popote utakapoishi, watu walitaje jina lako bila kushusha sauti.