Nilimchora susu akiinuka, akaacha kuinuka mbele yangu

Wakuu, heshima kwenu, na wale wa Ukambani mnaosoma kimya kimya nawasalimia pia. Hii ilinitokea mimi mwenyewe nyumbani Matinyani, likizo iliyopita. Sijaongeza chumvi. Mahali nitaonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Nasoma art, mwaka wa pili. Lecturer alitupa kazi: michoro kumi ya watu wa nyumbani wakifanya kazi zao za kila siku. Hataki sura nzuri, anataka movement. Round ya kwanza alinirudishia yote. Akasema, "Syombua, watu wako wanangoja kupigwa picha."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa namchora susu, nyanya yangu mzaa baba. Akiona penseli anaenda kuvaa leso mpya, anakaa wima, mikono kwa magoti. Ukimwambia aendelee kusokota katani ya kiondo chake, anakujibu, "Maliza kwanza, kazi itafanywa baadaye."

Kitu kimoja mjue. Mimi nimeitwa jina lake. Kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ni yule mtu. Baba yangu huniita mwaitu, yaani mama yangu, na hatanii. Hata akinikemea anakemea kwa adabu.

Basi likizo nikaamua kumchora kwa siri. Nilikaa jikoni nikimwangalia kupitia dirisha, na hapo mkono wangu ukafunguka. Susu akifagia, susu akipepeta ndengu. Lakini zaidi ya yote, susu akiinuka kutoka kwa kile kistuli chake. Anashika nguzo ya veranda, mkono ule mwingine anasukuma goti, anabaki ameinama hapo katikati akitafuta pumzi, halafu ndio anasimama. Huo mwendo niliuchora mara nyingi sana. Nilikuwa na furaha, siwezi kuwadanganya.

Asubuhi moja akawa anatafuta karatasi ya kuwasha moto. Akachukua sketchbook yangu mezani.

Nilimkuta ameifungua, anapitisha kidole kwa ule mgongo uliopinda.

"Huyu mzee ni nani?"

Nikasema, "Ni wewe, susu."

Akaifunga, akairudisha pale pale, akaenda kutafuta karatasi kwingine. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tangu siku hiyo hakuinuka tena mbele yangu.

Mwanzoni sikuelewa. Anakaa kwa kistuli kutoka chai ya asubuhi, hasongi. Nikienda kuteka maji, nikirudi nampata ameshahama. Kuna siku jua lilimfuata mpaka usoni na bado akabaki hapo hapo, kwa sababu nilikuwa karibu naosha vyombo. Ndio nikajua. Nilikuwa nimemfanya susu aone aibu kusimama kwake mwenyewe. Niliingia ndani nikalia.

Nikamwambia baba. Hata hakunituliza.

"Mwaitu, yeye akikuangalia anajiona bado msichana. Wewe umemwonyesha amezeeka. Sasa usiende na maneno, enda ukae naye."

Sketchbook nikaiacha kwa kitanda. Nikachukua katani, nikakaa chini kando yake, nikaanza kusokota kwa paja kama yeye. Kamba yake inatoka nyembamba, laini. Yangu ilitoka kama mkia wa mbuzi, na paja likawaka moto. Siku ya kwanza aliangalia kando tu. Kesho yake akashindwa kuvumilia, akanishika mkono: sukuma mbele, usirudishe na haraka. Tukasokota hivyo siku kadhaa, bila maneno mengi.

Mchana mmoja nikataka kwenda kuangalia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwa moto. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikashika nguzo, nikasukuma goti, nikabaki nimeinama katikati nikingoja damu ishuke.

Susu alicheka mpaka akajipangusa macho na leso.

"Ona Syombua anavyoinuka," akasema.

Nikamwomba msamaha hapo hapo, bado nimeinama. Nikamwambia nilimwibia, ningemuuliza kwanza. Kama anataka michoro iende kwa moto, nitaichoma mwenyewe, ya shule nitajua mbele.

Akaiweka katani yake chini.

"Lete hicho kitabu. Nitainuka mara moja tu, kwa hivyo usilale."

Hakuenda kubadilisha leso. Akashika nguzo, akasukuma goti, na pale katikati akageuza kichwa akaniangalia. Ile yote ya dirishani haina uso wake. Huu unao. Nilimaliza.

Akauliza jina lake litakaa wapi. Nikaandika chini ya mchoro: Syombua.

"Na lako?"

"Ndio hilo, susu."

Akaridhika. Mingine tisa alinichagulia yeye. Mitatu hakuipenda kabisa, akawashia moto wa chai, na hiyo chai nilikunywa. Kazi nilisubmit, na safari hii haikurudishwa.

Nilichojifunza ni kwamba mgongo wa mtu ni wake, hata kama mnaitwa jina moja. Uliza kwanza.

Sasa nyinyi wakuu, huko kwenu kuna mwendo gani mnaoutambua hata mtu akiwa amewapa mgongo? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Mimi nimesharudi chuo. Juzi baba alipiga simu akaniambia siku hizi susu kabla hajainuka, anaangalia kwanza kama kuna mtu anamwona. Akikosa mtu, anaita.