Shikamoo ya Hewani

Wakati wa kampeni nilikuwa mtangazaji wa redio moja hapa Shinyanga. Wagombea wawili walikuja studioni kwa zamu. Wa kwanza, mzee wa umri wa baba yangu, nilimpa shikamoo. Wa pili, rika langu, nikamwambia, "Habari za asubuhi." Dakika zao zilikuwa sawa, maswali yaleyale. Lakini chama cha huyu wa pili kikaandika malalamiko kwamba nimempigia mzee debe hewani.

Nilichukia! Kwetu Samuye, asiyeamkia wakubwa anawaaibisha wazazi wake. Leo adabu imekuwa upendeleo? Hata hivyo niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi.

Meneja akaita pande zote mbili. Katibu wa chama kilicholalamika akasimama kusoma barua yao, kwa ukali kwelikweli. Alipofika aya ya pili, mlango ukafunguka, mzee akaingia, amechelewa. Katibu akaishusha barua, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Endelea kusoma."

Katibu akaitazama barua, akanitazama mimi, akaketi. Nikashusha pumzi. Kisha nami nikamwamkia mzee, kwa sauti ileile ya redioni.