Kumuse kwa Mwendo wa Haraka

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado kijana, fundi wa sauti kwenye studio ndogo hapa Kitale. Alikuja Mama Nekesa kutoka Tongaren, mjane wa juzi tu, na rekodi ya kumuse, hotuba iliyotolewa baada ya mumewe kuzikwa. Desturi yetu Wabukusu unaijua: mzee akishazikwa, msemaji huingia katikati ya watu na fimbo yake, akienda huku na huko na kuwaasa waliobaki. Hana haraka. Husema neno, hutembea, hunyamaza, ndipo aseme lingine.

Wana wawili wa mama huyo walikuwa hawasemezani. Wanyonyi, aliyekaa mtaa wa Tuwan hapa mjini, hakuja hata kumzika baba, kisa hataki kuonana na ndugu yake Simiyu. Mama alitaka asikie kumuse, pengine roho ingelainika.

"Lakini huyo hana subira," akaniambia. "Ukimpea yote atazima. Si unaweza kufupisha?"

Kazi yenyewe si ngumu. Kompyuta huharakisha maneno bila kuifanya sauti iwe nyembamba kama ya mtoto, na penye kimya inakata. Kimya kwake ni sauti yoyote iliyo chini ya kiwango ulichoweka. Basi nikafupisha, naye akaondoka ameridhika.

Wanyonyi alisikiliza, kisha akampigia mama yake simu. "Ati mmenitafutia mtu wa kunigombeza? Mimi sikuji."

Mama akarudi studio. Hakunilaumu. Alikaa tu, akaomba asikie ile ya kwanza, jinsi ilivyorekodiwa. Msemaji akamtaja marehemu, akanyamaza, hatua zake zikasikika kwenye nyasi. Na hapo aliponyamaza, kwa mbali, mwanamume alikuwa akilia chini chini, akiita, "Wanyonyi. Wanyonyi."

"Huyo ni Simiyu," mama akasema, na machozi yakamtoka.

Tulimtumia Wanyonyi hiyo bila kuigusa. Kesho yake alifika Tongaren, na Simiyu ndiye aliyemfungulia geti.

Sasa wewe nakuona ukisikiliza ujumbe wa mamako kwa kasi maradufu huku ukiosha vyombo. Bei ya mahindi harakisha upendavyo, haina neno. Lakini mtu wako akikutumia sauti yake, mwanangu, msikilize kwa mwendo wake mwenyewe, pamoja na pale anaponyamaza. Mungu akupe utulivu wa kusikia, na usikose maishani mtu wa kukuita kwa jina.