Siku Uwanja wa Shule Uliposemewa

Enzi zetu, ukitumwa Kitengela kununua sukari, hukurudi na sukari peke yake. Ulirudi na habari. Na habari haikutupwa tu mlangoni pamoja na viatu. Ulisimama wima mbele ya wakubwa, ukatoa mikono mfukoni, ukaeleza mwanzo hadi mwisho: umekutana na nani, ng'ombe wa nani wako njiani, mvua imeonekana upande gani. Mazuri kwanza, mabaya baadaye. Hata kama umeona boma la jirani likiungua, ulianza na walio salama.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyejulikana soko la Kajiado na hata kwingine. Jioni aliketi kwenye kigoda chake nje ya nyumba, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, akasema, "Haya, leteni." Nasi tukasimama mmoja mmoja. Kila sentensi uliyotoa, Papa aliiitikia.

"Ndama wamerudi wote."

"Ee."

"Koko amepaka dawa ya mguu."

"Ee."

Koko ni nyanya yetu, na naye alikaa pembeni akiitikia kwa sauti yake ya kukwaruza. Hiyo "ee" ndogo ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kuendelea. Papa akinyamaza, ulijua kuna kitu umeruka au umetia chumvi, na kazi yako ilikuwa moja: kurudia sentensi ile ile mpaka ikubaliwe. Hakuuliza, hakukemea. Alikunywa chai yake tu. Ndugu yangu mkubwa aliwahi kurudia "mbuzi wote wako" hadi machozi yakamtoka, kwa sababu hawakuwa wote.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuongea. Leo namuuliza mpwa wangu shule ilikuwaje, ananijibu "poa" bila kuinua macho kwenye simu. Poa! Mtoto ametoka asubuhi na mapema, amepita barabara ya Namanga na malori yake yote, amefundishwa na walimu kadhaa, na habari yake nzima inaingia kwenye neno moja. Angekuwa mbele ya Papa angekesha amesimama.

Shule yetu ya msingi ilikuwa nje kidogo ya mji, bati na mawe, upepo ukivuma mpaka chaki inaruka. Mali yake kubwa ilikuwa uwanja. Hakuna shule ya jirani iliyokuwa na uwanja kama ule. Hapo wasichana tulicheza kati ya kurushiana mpira na bladda ya kuruka kamba, wavulana wakapiga mpira wa makaratasi, na mimi nikakimbia. Nilipenda kukimbia kuliko kula. Nyumbani nilikuwa msichana wa kuchota maji na kubeba mtoto, lakini nikikanyaga zile nyasi nilikuwa mtu mwingine kabisa, na hakuna aliyeweza kunishika.

Kila Ijumaa tulikuwa na mjadala. Mwalimu Mutiso, aliyetufundisha Kiswahili, alipanga madawati pande mbili, wapendekezaji huku na wapinzani kule. Kila shule ilikuwa na salamu zake za kukariri, nasi tulikuwa na zetu: "Mwenyekiti mwenye hekima, katibu mwenye kalamu isiyokauka, mtunza saa asiyesinzia, wapinzani wetu mnaotetemeka!" Ukimaliza kusalimia hivyo, nusu ya muda wako imeisha na hujasema lolote. Bingwa alikuwa Brayo, mtoto wa mwenye hadiwea, duka la misumari na mabati, mjini. Alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule na alikuwa na maneno magumu ambayo hata yeye, nadhani, hakuyajua. Tulimpigia makofi mpaka vumbi linatoka kwenye dari.

Mimi nilikuwa mtunza saa asiyesinzia. Nilipiga kengele, nikanyamaza. Sikuwahi kusimama kutoa hoja hata siku moja.

Sasa, miaka hiyo ya mwisho ya tisini ndiyo Kitengela ilianza kukatwakatwa ploti za kuuza. Ulilala ukiwa na tambarare mbele yako, ukaamka ukakuta vigingi na kamba. Mzee Sankale, mwenyekiti wa kamati ya shule, akapata wazo kwamba uwanja wetu nao ukatwe ploti, uuzwe, shule ijenge ukumbi na ofisi ya kisasa. Siku ya Wazazi, wazazi wenyewe wangeinua mikono kuamua. Mwalimu Mutiso, ambaye hakulipenda wazo hilo ila hakuweza kumpinga mwenyekiti wake, alifanya ujanja wa mwalimu: akasema kabla ya kura watoto wafanye mjadala, "kuonyesha wazazi vile Kiswahili chao kimekomaa." Hoja ikawa hiyo hiyo, uwanja uuzwe. Brayo apendekeze. Mpinzani awe Lemayian, kijana wa darasa la nane mwenye sauti nzito.

Siku moja kabla, Lemayian akavimba mashavu kwa matubwitubwi.

Mwalimu akaniita. "Wewe Nashipai, siku ile ulikuja kunieleza vile mtoto wa nasari ameanguka kwa mti, niliona kitu yote kama sinema. Kesho utasimama."

"Mwalimu, mimi ni wa kengele."

"Kengele mtu yeyote anaweza gonga."

Asubuhi ya pili uwanja ulijaa. Wanaume kwenye viti vya mbele na fimbo zao, shuka nyekundu na makoti ya soko. Akina mama chini kwenye nyasi, Koko katikati yao. Papa hakuwepo, alikuwa amekwenda soko la Kimana kutafuta mbuzi. Brayo akaanza. Akazungumzia maendeleo, miundombinu, na karne mpya inayobisha hodi. Wanaume walitikisa vichwa kwa raha. Mzee Sankale alitabasamu kana kwamba ukumbi umeshaezekwa.

Nikasimama. Yale ya kalamu isiyokauka yote yalinitoka kichwani, nikabaki na njia moja tu niliyoijua ya kusimama mbele ya wakubwa. Nikatoa mikono mfukoni.

"Uwanja huu ni wa watoto," nikasema, nikangoja.

Kimya. Hakuna aliyeitikia. Basi nikafanya nilivyozoea kufanya.

"Uwanja huu ni wa watoto."

Darasa la nane wakaanza kucheka, mmoja akasema kwa sauti, "Kaseti imekwama!" Mwalimu Mutiso alijishika kichwa. Niliwaza kwamba nimesema uongo mahali fulani, sijui wapi. Machozi yalikuwa karibu. Nikarudia mara nyingine, kwa sauti kubwa zaidi, karibu kupiga kelele:

"Uwanja huu ni wa watoto!"

"EE!"

Ilikuwa Koko. Alikuwa amesimama juu ya mguu wake mbaya, akielekeza fimbo kwa wanaume wa mbele.

"Na nyinyi nani amewakata ulimi? Mtoto analeta habari na mnamwangalia tu kama ng'ombe ya mtu? Kwa nyumba zenu hamuitikii?"

Jamani! Mwanamke kuwafokea wazee mbele ya watu haikuwa jambo dogo. Lakini walijua amesema kweli. Wakajiweka sawa kwenye viti, wakakohoa, na nilipofungua mdomo tena, walikuwa tayari. Nami nikawapa habari za uwanja, nikaanza na mazuri.

"Uwanja umeamka salama."

"Ee."

"Nyasi zimemea tangu mvua ile."

"Ee."

"Jana watoto wa nasari walikimbia hapa, hakuna aliyegongwa na gari."

"Ee!"

"Mwaka wa kiangazi, ng'ombe wa Mzee Sankale walilala hapa, na hakuna aliyewafukuza."

"Ee," wakasema, na wengine wakamgeukia mwenyewe, ambaye naye aliitikia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Sasa huko nje kumejaa kamba na vigingi."

"Ee," kwa sauti ya chini.

"Mbuzi hawana njia."

"Ee."

"Watoto wamebaki na hapa peke yake."

"Ee!"

Sauti zao zilikuwa zimeshika mwendo sasa, wanaume na wanawake pamoja. Nilikuwa nakimbia tena, nimesimama pale pale.

"Na nyinyi wazazi wetu hamtauuza!"

"EEE!"

Wote. Mzee Sankale pia. Ilimtoka kabla hajajua, kwa sauti kuliko wengine, kisha akabaki mdomo wazi. Akina mama wakaangua kicheko na vigelegele, na wazee wakampiga mwenyekiti mabegani wakimwambia, "Umeitikia, Sankale! Tumekusikia!" Mtu mzima aliyeitikia habari mbele ya boma zima hawezi kuigeuka. Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa shuka. Kura haikupigwa hata. Brayo, nimsifu, alikuja kunipa mkono, akaniuliza maneno yale nimeyasoma kitabu gani.

Papa aliporudi kutoka Kimana, nilisimama mbele ya kigoda. "Uwanja haujauzwa," nikasema. Akanyamaza. Nikarudia. Akaweka kikombe chini, na midomo ikaanza kumcheza kwa kicheko. Alikuwa ameshasikia yote njiani. Alitaka tu kusikia mara ya pili.

"Ee," akasema. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Leo Kitengela ni ghorofa juu ya ghorofa, na watoto wanafundishwa kuhutubia kwa vipaza sauti na video. Wanajua mengi, siwanyimi haki yao. Lakini kundi letu la familia kwenye simu lina watu wengi, na mtu akiandika kwamba mama yake amelazwa, anapata picha za vidole gumba. Nakumbuka ile "ee" ya vinywa vyote, nami nasikia upweke.

Hata hivyo uwanja upo. Mwaka jana nilialikwa huko siku ya kutuza wanafunzi. Kasichana fulani kalisimama kusoma hotuba, kakasema sentensi ya kwanza, halafu kakakwama. Wazazi walikuwa wameinua simu kukarekodi, wote kimya, wakikangoja.

"Ee!" nikaitikia kutoka kiti cha nyuma.

Watu waligeuka kunitazama. Kisha kutoka upande wa wazee, mahali ambapo Sankale, sasa hoi kwa uzee, alikuwa ameketi na fimbo yake, ikatoka nyingine, ya kukwaruza lakini nzima: "Eee!"

Na yule mtoto akaendelea.